4-H hapa Ohio: sketi ya kitenge, daftari la gharama na utepe mwekundu

Wazazi wenzangu wa Columbus na vitongoji vyake mnaniuliza kila mara kama 4-H, zile klabu za watoto za kujifunza kazi kwa vitendo, ni mahali pa kumpeleka mtoto wa mjini, au ni mambo ya wenye ng'ombe na mashamba. Binti yangu yumo tangu alipofikisha umri wa kuchukua mradi, kwa hiyo najibu kwa kirefu. Mpelekeni. Ila klabu mkaichague kwa macho yenu wenyewe.

Kwa asiyeijua: ilianzia hapahapa Ohio, Januari 1902, mjini Springfield, pale msimamizi wa shule A. B. Graham alipowakusanya watoto kwenye chumba cha chini cha mahakama ya kaunti na kuanza kuwafundisha kilimo kwa vitendo. Zile H nne ni kichwa, moyo, mikono na afya. Leo katika jimbo hili inaendeshwa na Ohio State University kupitia ofisi zake za ugani kwenye kaunti. Wadogo wa miaka 5 hadi 7 hucheza na kujaribu mambo bila kushindanishwa. Miradi yenyewe huanza miaka 8, mtoto akiwa darasa la tatu, hadi 18. Wapo wanaofuga mbuzi, sungura na nguruwe, lakini wapo pia wa roketi, mapishi, useremala, upigaji picha na kutunza fedha. Sisi tunakaa nyumba ya kupanga isiyo na hata uwanja wa kuku, tukachagua ushonaji.

Kitu ninachokisifia kuliko vyote ni kwamba mradi ni wa mtoto, na mtoto ndiye anayeutolea maelezo mbele ya mtu asiyemjua. Kabla hajashika mkasi, anaandika kwenye kitabu cha mradi anataka kujifunza nini. Kila anachonunua anakiandika. Kila hatua anaandika alifanya nini na nini kilimkwamisha. Halafu kiangazi kinapofika anakwenda na kazi yake na kitabu chake kwa jaji anayepima miradi, anakaa kiti cha mbele, mzazi anakaa nyuma na kufunga mdomo.

Mwaka jana binti yangu alishona sketi ya kitenge alicholetewa na shangazi yake kutoka Tanga, chenye picha za ndege. Jaji, mama mtu mzima mwenye miwani shingoni, aliipokea na kitu cha kwanza akaigeuza ndani nje. Hakuitazama nakshi kabisa. Alipitisha kidole kwenye mshono wa zipu taratibu, akafika mahali akasimama, akauliza: "Hapa palifumuliwa?" Binti akamwambia ndiyo, kwa sababu kipande cha nyuma alikikata bila kuangalia ndege wanaelekea wapi, wakatokea miguu juu. Akafumua, akakata kipande kingine, kitenge kikapungua, ndiyo maana mkanda wa kiunoni ni wa pamba nyeusi. Yule mama akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuhamia kwenye gharama. Zipu, uzi, sindano za cherehani, vyote vilikuwapo. Kwenye kitenge binti alikuwa ameandika "zawadi". Jaji akamwambia zawadi nayo ina bei, kwa hiyo aulize shangazi kilinunuliwa kiasi gani, ajumlishe, ndipo atajua sketi ile imemgharimu nini hasa na angeiuza kwa bei gani.

Alipata utepe mwekundu, wa daraja la pili, siyo wa bluu ulio wa juu. Katika kaunti yetu kila kazi hupimwa kwa viwango vilivyowekwa, haipimwi dhidi ya kazi ya mtoto mwingine, hivyo watoto wengi wanaweza kupata bluu siku moja. Pindo lake lilikuwa limepinda. Akamuuliza jaji mwenyewe afanye nini liwe sawa, na akaonyeshwa palepale namna ya kulipima na kulipiga pasi kabla ya kushona. Mtoto wa miaka 10 kumuuliza mtu mzima asiyemjua, kwa sauti inayosikika, namna ya kuboresha kazi yake! Nilizuia machozi.

Mimi nimesoma shule ya msingi Tanga, kwenye shule iliyokuwa bado na shamba kwa jina la Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Wazo lilikuwa zuri na bado nalipenda. Lakini tulilima mihogo, tukavuna, na hakuna mwanafunzi aliyeonyeshwa iliuzwa kwa shilingi ngapi. Jembe tulilijua tayari kutoka nyumbani. Hesabu ya shamba ndiyo iliyokuwa somo, na ndiyo tuliyonyimwa. Kwa hiyo nikiona mtoto anajumlisha bei ya uzi na zipu, naona kilichopungua kule. (Rafiki zangu Wakenya wanakumbuka klabu za kilimo za shuleni za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilizofufuliwa mashuleni 2021. Ukoo ni mmoja.)

Mikutano nayo ni darasa. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina ni watoto. Hoja inatolewa, inaungwa mkono, inajadiliwa, inapigiwa kura. Niliwashuhudia wakibishana karibu jioni nzima kuhusu pesa za kuuza bisi: ziende kwenye ghala la chakula cha wahitaji au zilipie safari. Binti yangu, ambaye darasani hunyamaza, alisimama akasema anaunga mkono hoja ya ghala, na kwa nini.

Sasa kasoro. Klabu ya kwanza tuliyoitembelea wazazi ndio waliokuwa wakishona na kupiga randa huku watoto wamekaa na simu. Tukaondoka. Mkitembelea, tazameni mikono ya nani ina gundi. Fomu na vitabu vyetu vyote ni vya Kiingereza, na mzazi aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hataviweza peke yake. Ada siyo kubwa na hutofautiana kaunti kwa kaunti, ila mradi wa mnyama unakula pesa za chakula na banda, pigeni hesabu mapema. Bila gari ni taabu. Kuhusu chakula cha mikutano, nilimweleza kiongozi kwamba hatuli nguruwe, na tangu siku hiyo kipo cha kwetu bila maneno. Watu wazima wanaojitolea huchunguzwa kumbukumbu za polisi kwa alama za vidole kabla ya kupewa watoto, na hilo lilinituliza.

Usajili wa miradi hufungwa majira ya kuchipua, msisubiri shule zifungwe. Ulizeni ofisi ya ugani ya kaunti yenu wawape orodha ya klabu. Sisi hukutana Jumatatu jioni. Gari langu lina nafasi ya watoto watatu nyuma, naondoka saa kumi na moja, na fomu nitawasaidia kujaza. Mwenye kuhitaji aniambie.