Zanzibara 1: CD au Kupakua?

Mkusanyo huu wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, uliotolewa kuadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoasisiwa Unguja mwaka 1905, hupatikana kwa CD na kwa kupakua mtandaoni, nami nashauri CD bila kusita. Faili la MP3 linalopakuliwa hutupa sehemu ya sauti ili lisiwe zito, ilhali CD huhifadhi sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde. Na katika muziki ambamo ala za kanuni, udi na fidla hupigwa kwa pamoja, tofauti hiyo husikika kwenye spika nzuri. Kijitabu cha CD nacho hakina mbadala.

Jambo zito zaidi ni umiliki. CD naweza kumwazima jirani, kuiuza au kuwarithisha wanangu, lakini anayepakua kwa kawaida hupewa ruhusa ya kusikiliza tu, bila haki ya kumuuzia mwingine. Ni kweli kwamba kompyuta nyingi za sasa hazina sehemu ya kutia CD. Hata hivyo kisomaji cha nje cha USB kinatosha kuunakili muziki wote katika faili za FLAC, zisizotupa sehemu yoyote ya sauti, kwa ajili ya simu.