Hadubini ya konfokali kwa seli hai: kabla ya leza, ulizia fokasi

Malalamiko ninayopokea ni yaleyale. Mtu anaweka seli jioni kwenye hadubini ya konfokali, ile inayotumia leza kupiga picha ya tabaka moja jembamba, anapanga picha kila dakika tano, na asubuhi anakuta seli zi hai ila picha za kuanzia saa sita usiku ni ukungu mtupu. Fokasi, yaani umbali ambao lenzi inaona vizuri, imehama. Muuzaji alisifia leza na ukali wa picha, hili hakuligusa kabisa.

Chanzo ni joto. Seli zinahitaji nyuzi 37, chumba kina AC inayowaka na kuzima, na chuma cha hadubini kinatanuka na kusinyaa. Lenzi nzuri ya 60x (inayokuza mara 60) huona tabaka lisilofika mikromita moja, kwa hiyo fokasi ikisogea mikromita tatu tu umeshalipoteza tabaka ulilokuwa ukilitazama. Dawa yake ni kifaa kinachomulika mwanga wa infraredi kwenye kioo cha sahani ya seli na kurekebisha umbali chenyewe. Nikon wanakiita PFS, Zeiss wana Definite Focus, Evident wana ZDC, Leica wana AFC. Bila hicho, usinunue.

Chaguo langu la kwanza ni Nikon Ti2-E yenye PFS na diski inayozunguka ya Yokogawa CSU-W1, na sifichi kwamba naipendelea. PFS inashikilia fokasi hata unapodondosha dawa kwenye sahani. Diski ina matundu mengi yanayopiga eneo zima kwa pamoja, kwa hiyo ni ya haraka na seli haziungui kirahisi.

Kwa tishu nene diski hupwaya, kwa sababu mwanga wa tundu moja huvujia jingine. Hapo chukua Evident FV4000 na lenzi ya silikoni, yaani inayowekewa mafuta ya silikoni kati yake na sahani. Kipimo cha silikoni cha kupinda mwanga ni 1.40, karibu sana na tishu hai; mafuta ya kawaida ni 1.515, ndiyo maana picha huharibika kadiri unavyozama. Tena silikoni haikauki usiku kama maji.

Ya tatu ni Zeiss LSM 980 yenye Airyscan 2, sehemu ya kunasa mwanga yenye vipokezi 32, kwa wanaotafuta undani wa seli. Leica Stellaris ifuate kama seli zako zimetiwa rangi nyingi za kung'aa.

Bajeti ndogo? Kwa seli zilizotandazwa tabaka moja, hadubini ya fluoresensi ya kawaida (huona rangi zinazong'aa, bila kutenga tabaka) na programu ya kusafisha picha inatosha.

Kinachonikera ni bei. Haziandikwi popote, mpaka uombe. Kuna wakala aliyetuletea proforma (makadirio ya bei) ya kuvutia; LPO, yaani hati yetu ya kuagiza, ilipotoka ndipo tukaambiwa kifaa cha fokasi na chemba ya joto ni vya ziada. Mkataba wa matengenezo nao unalipiwa kila mwaka, na fundi akija kutoka nje ya nchi, tiketi na hoteli ni juu ya maabara. Vyote hivyo vitajeni kwenye nyaraka za zabuni, kimoja kimoja, pamoja na jaribio la usiku mzima kwa seli zenu wenyewe, AC ikiwa inafanya kazi.