Foo wili ya kukodi ilivyotuachia Sani Pass

Kampuni ile sikodi gari tena, hata wakinipa bure.

Sani Pass inapanda kutoka KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, hadi Lesotho. Kati ya kituo cha mpaka cha chini na cha juu ni takriban kilomita 8 za changarawe, mawe na kona zinazojikunja ukutani mwa milima ya Drakensberg, na ukifika juu umevuka mita 2,800. Gari lisilo foo wili halipiti pale chini. Ndiyo maana tulikodi foo wili, tena tukawaambia waziwazi tunakokwenda. "Limekaguliwa," wakasema.

Balaa ni kona za juu. Unahitaji gia nzito, ile ya mkono mdogo wa pembeni, gari lijivute taratibu bila kuunguza klachi. Niliiingiza, ikaingia kwa kelele, tukapanda kidogo, halafu katikati ya kona ikachomoka yenyewe. Gia hiyo ikichomoka, injini inanguruma lakini nguvu haifiki magurudumuni. Gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu ni korongo! Nikakandamiza breki kwa nguvu zote, mke wangu akaruka kutafuta mawe ya kuzuia tairi. Tukaiingiza tena, ikachomoka tena. Tulimalizia kwa namba moja ya kawaida, klachi inanuka mpaka tukafungua vioo vyote.

Hata hapo nilikuwa tayari kuwapa alama za wastani. Magari huharibika, na njia ile ni kali kweli. Huko juu mtandao ukashika, nikawapigia. Yule dada hakuuliza kama tuko salama. Aliuliza kama nina leseni! Pole hata moja hakutoa. Tukashuka kwa breki tupu, tukisimama kila mara zipoe, na tuliporudisha gari wakakata dhamana yote, eti tumeunguza klachi. Iliungua kwa sababu gia yao haishiki!

Basi hapana, hata huo wastani nauondoa. Sani Pass nendeni, ni njia nzuri mno, nami nitarudi. Ila kabla ya kusaini popote, ingiza gia nzito palepale uani kwao, endesha mbele na nyuma, kanyaga mafuta na uachie. Ikichomoka, warudishie funguo zao.

Dhamana yangu bado naidai.