Uzoefu wangu na feloshipu ya watu wa masta hapa Tabora

Nina mwaka na nusu kwenye hii feloshipu kwa hiyo naandika kama mtu anayeijua. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma masta huku nafundisha, na kwa Tabora hilo ndo kawaida, wengi wetu ni walimu, manesi, watu wa halmashauri, wengine wako Chuo Kikuu Huria (Open) wengine wanafuata chuo mbali wanarudi na treni, hamna hosteli wala sehemu ya kukutana jioni, unasoma peke yako usiku watoto wakishalala. Sekondari nilikuwa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo, digrii ya kwanza TAFES, feloshipu ya wanafunzi wa vyuo, wamenilea vizuri namshukuru Mungu, ila ukishafika miaka 36 una mke na mkopo wa benki maombi yako sio yale tena ya mitihani ya chuo (UE) na mchumba.

Tunakutana jumamosi saa kumi jioni, Cheyo, nyumbani kwa mama mmoja mhadhiri, chini ya mwembe, watu kumi na mbili hivi. Wimbo mmoja, neno, halafu kila mtu anasema kazi yake imefika wapi, propozo imerudishwa, supavaiza kakalia chapta miezi mitatu, na hapo unaombewa kwa jina la hiyo chapta kabisa.

Kilichonifanya nibaki ni hiki. Utafiti wangu ni wa wakulima wa tumbaku Urambo, nilipeleka madodoso 120 yakarudi 81, watu wako kwenye mabani wanakausha tumbaku nani atakaa kujaza makaratasi. Rafiki yangu akaniambia jaza mwenyewe usiku mmoja tu, kila mtu anapika data. Na nilikuwa nimeshaanza, nimejaza manne kwa kalamu mbili tofauti. Jumamosi hiyo tukasoma Danieli sura ya kwanza, wale vijana walisoma elimu yote ya Wakaldayo hawakukataa darasa, walichokataa ni chakula cha mfalme. Mama akaniangalia akauliza, "Sasa baba, chakula cha mfalme kwenye masta yako wewe ni kipi?" Hakuwa anajua chochote. Nikasema yote mbele za watu, sauti inatetemeka.

Hakuna aliyenihubiria. Kaka mmoja nesi akasema jumatatu yuko ofu na pikipiki ina mafuta, tukaenda Urambo kama kilomita 90, tukawafuata wakulima hukohuko mabanini, mimi nauliza yeye anaandika, siku mbili tukapata 31. Yale manne nilichana. Nikaandika 112 kama yalivyo na sababu nikaeleza, supavaiza akapitisha. Mi naona hii ndo huduma mtu wa masta anayoihitaji, kuna watu wazima wengi makanisani wanaitwa msomi msomi na hakuna anayewauliza wanasomaje.

Kasoro ipo na naisema kwa sababu naipenda. Tunamaliza saa mbili usiku, kina dada wenye watoto wachanga wanaondoka kabla zamu yao haijafika, na mmoja kaacha kabisa kuja wakati yeye ndo alikuwa amekwama kuliko sote. Nimeomba tuanze saa nane, bado hawajakubali, jumamosi hii nalirudia tena.