Kitabu cha mazoezi ya kitenzi-jina cha Kiingereza: kizuri, ila kina pengo

Kitabu hiki cha mazoezi ya sarufi, ambacho nimekitumia kwa majuma sita, kinafaa hasa kwa sababu kinaanzia pale ambapo sisi wasemaji wa Kiswahili hujikwaa. Sisi husema “nataka aende”, mtendaji akiwa ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza hudai “I want him to go”, yaani kiwakilishi cha yambwa (“him”) kikifuatwa na kitenzi-jina (“to go”). Ndiyo maana wengi wetu huandika “I want he goes” bila kushtuka. Sura ya tatu inalifafanua jambo hili kwa subira, kisha inaonyesha kwamba kitenzi “make” hulikataa neno “to” katika “she made me wait”, lakini hulihitaji katika kauli ya kutendwa: “I was made to wait”. Nilifurahi mno kuliona hilo likielezwa waziwazi.

Sehemu ya virai vihusishi, yaani mafungu ya maneno kama “on Monday”, ni dhaifu. Sentensi “they decided to leave on Monday” imepewa maana moja tu, ingawa Jumatatu yaweza kuwa siku ya kuondoka au siku ya kuamua. Majibu yaliyo mwishoni hayana maelezo, na kwa anayejisomea peke yake hilo linaumiza.