Ukurasa mmoja wa Mama: uzoefu wangu na washauri wa zabuni

Mimi Mtanzania, naishi Gallup, New Mexico, natunza hesabu za kampuni ndogo ya usafi. Mwenye kampuni ni mama wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Nami namwita Mama tu, kashazoea. Miaka yote alitamani kusafisha zahanati za serikali, maana kuna sheria ya 1910, Buy Indian Act, inayoruhusu idara zinazowahudumia wenyeji wa asili kuzitengea kampuni zao zabuni, mradi angalau asilimia 51 iwe mali yao.

Kwanza tuliliwa. Wakala mmoja wa mtandaoni alitutoza dola 600 kutusajili SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaotaka zabuni zake, na usajili huo ni bure! Hata hivyo aliuharibu: penye anwani akajaza sanduku la posta, wakati panatakiwa mahali halisi ofisi ilipo. Sasa ofisi ni nyumba ya Mama, kwenye ardhi ya Wanavajo, haina namba wala barabara yenye jina. Ukimuuliza atakwambia pita tangi la maji, ukiona geti la matairi kata kushoto.

Ndipo tukaenda kwa washauri wa APEX Accelerators, mpango unaofadhiliwa na Wizara ya Ulinzi. Hatukutoa hata senti. Dada aliyetupokea hakuicheka ramani ya matairi, alishaona nyingi za aina hiyo. Alitutuma kwenye serikali ya mtaa, wenyewe huiita "chapter", tukarudi na anwani inayoeleweka, usajili ukapita. Unahuishwa kila mwaka. Akipiga mtu simu kudai ada, kata.

Kilichonifaa zaidi ni wasifu wa kampuni. Nilikuwa nimeandika kurasa nne. Akaubana ukawa mmoja: tunafanya nini, tumemfanyia nani, namba yetu ya UEI (namba ya utambulisho wa kampuni inayotolewa na SAM.gov), msimbo 561720 wa kazi za usafi. Hadithi ya bibi yake Mama ilipofutwa, Mama alinuna hadi tukafika kwenye gari.

Tenda washauri hawa hawakupi, usijidanganye. Ya kwanza tulishindwa kwa bei. Wakatusukuma tuombe maelezo ya kwa nini tulishindwa, na nilipopitia hesabu upya nikakuta safari za gari nimezijumlisha mara mbili. Aibu yangu hiyo.

Leo tuko chini ya mkandarasi mkubwa: korido mbili na chumba cha kusubiria, usiku. Mama kashanunua mashine ya pili ya kung'arisha sakafu, bila kuniuliza.