Bansko, Bulgaria: uzoefu wangu wa likizo ya ubao wa theluji bila kutoboa mfuko

Kama unaishi Ulaya, unatamani likizo ya theluji, lakini kila ukifungua bei za Austria na Uswisi unazima simu, Bansko ipo kusini-magharibi mwa Bulgaria na inafikika. Tulikwenda mimi na shemeji yangu, yeye mtu wa skii, mimi wa ubao. Nasema hilo mapema kwa sababu maoni mengi kuhusu milima huandikwa na watu wa skii, halafu sisi wa ubao tunayagundua ya kwetu tukiwa tumeshalipa.

Kabla ya kukata tiketi tulipambanisha majina kadhaa. Livigno ya Italia ilinivutia sana: mji upo mita 1,816 kutoka usawa wa bahari, hivyo theluji haisumbui, bidhaa madukani hazitozwi VAT, na ndiko kulikopangiwa mashindano ya ubao ya Olimpiki ya 2026. Ila kufika huko ni safari ndefu ya barabara za milimani, na vyumba vya msimu wa kilele havina huruma. Borovets ipo karibu zaidi na Sofia, ila njia zake za kuteleza ni chache kuliko za Bansko, ambayo kwa hesabu yao wenyewe ina takriban kilomita 75. Basi tukaangukia Bansko.

Sasa hela. Watu husema Bulgaria ni rahisi wakidhani urahisi upo kwenye pasi ya lifti, yaani tiketi ya kupandishwa mlimani. Haupo huko. Ni kweli Arlberg, eneo la skii la Austria, pasi ya siku moja ya mtu mzima msimu wa kilele imeshapita euro 75 na Bansko hufiki hapo, lakini pengo si kubwa kama inavyosimuliwa, na bei imekuwa ikipanda miaka yote hii. Hela yako inabaki mfukoni kwenye chumba, chakula, mwalimu na vifaa vya kukodi. Kwa hiyo usilinganishe pasi kwa pasi. Jumlisha wiki nzima ndipo utaona tofauti. Pia tangu Januari 1, 2026 Bulgaria inatumia euro, kwa hiyo mambo ya kubadilisha leva, sarafu yao ya zamani, yameisha.

Kwa wenzangu wenye pasipoti za nyumbani: Bulgaria ni mwanachama kamili wa Schengen (eneo la Ulaya lenye viza moja) tangu Januari 1, 2025, nchi kavu na angani. Kibali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au Sweden kinatosha, ila pasipoti usiiache nyumbani. Mkaazi wa Uingereza mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya atahitaji viza ya Schengen, na hiyo ni gharama ya kuiweka kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kutoka uwanja wa ndege wa Sofia ni kama kilomita 160, saa mbili na nusu kwa basi dogo la kuchangia. Ipo pia treni ya reli nyembamba kutoka Septemvri, inapanda milima taratibu kwa saa kama tano. Inasifiwa sana, na mtu asiye na begi la ubao lenye urefu wa kumzidi yeye mwenyewe aipande kwa niaba yangu.

Mlima wenyewe ni mzuri kweli. Mji upo chini, mita 900 na kitu, na sehemu kubwa ya kuteleza inaanzia Banderishka Polyana, mita 1,600 hivi, hadi karibu mita 2,600, huku kilele cha Vihren chenye mita 2,914 kikikutazama kwa upande. Lifti nyingi ni za viti, na hapo ndipo moyo wangu uliposuuzika. Lifti ya kuvuta inamtendea haki mtu wa skii anayesimama akitazama mbele. Sisi tunasimama kiubavu, mguu mmoja umefungwa, ile fimbo ya lifti inayokuvuta inakukamua paja la mbele mpaka unasahau ulikuja kustarehe.

Tatizo linalojulikana ni gondola, ile lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Kutoka mjini ni moja tu, na asubuhi za msimu wa kilele foleni yake ni ndefu. Usitegemee litaisha kesho: Pirin, milima ya hapo Bansko, ni hifadhi ya taifa na Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1983, na mipango ya kupanua eneo la skii iliwahi kuwaingiza Wabulgaria barabarani kuandamana. Dawa ni kupanda teksi au basi dogo kwa barabara hadi juu. Mkiwa wanne gharama inavumilika.

Jioni mnarudi mjini kwa njia ndefu ya msituni. Kwenye ramani ni ya bluu, yaani rahisi, mtu wa skii anaipita akipiga stori. Mtu wa ubao asome vizuri: kuna vipande tambarare, na theluji ya saa tisa alasiri ina maji, inashika. Ukipunguza mwendo umekwisha, utafungua mguu na kusukuma. "Shem, acha breki, acha breki!" ndiyo sauti niliyoisikia njia nzima, kutoka kwa mtu mwenye fimbo mbili mikononi. Paka nta chini ya ubao kila asubuhi, na kama bado unajifunza, shuka kwa gondola bila aibu.

Kukodi vifaa, maduka ni mengi. Duka moja lilinipa ubao ambao skrubu za vifungo vya miguu zilikuwa zinacheza. Kabla ya kutoka dukani shika kifungo, kitikise kwa nguvu. Kisha pitisha ukucha kwenye makali ya chuma, yakikwaruza ukucha kidogo yana uhai, ukiteleza tu yamekufa, utajuta kwenye barafu ya asubuhi. Nunua pia vikinga vifundo vya mikono, vya kwako. Anayeanza ubao huangukia mikono, na kadi ya bima ya afya ya Ulaya haikulipii kuokolewa mlimani, kwa hiyo kata bima ya safari inayolitaja hilo waziwazi.

Chakula ndicho kilichonipa furaha nisiyoitarajia. Mikahawa ya kienyeji inaitwa mehana, na wana shkembe chorba, supu ya utumbo kabisa, inaletwa na vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki na pilipili ya kusaga pembeni. Baada ya baridi ya kutwa, hiyo bakuli na mkate siibadilishi na fondue yoyote, ile jibini ya kuyeyushwa ya Uswisi. Kapama, chungu cha nyama mchanganyiko na kabichi chachu kilichopikwa polepole, kwa kawaida kina nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza.

Tukirudi tutaingia Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa. Wikiendi wanapanda watu wa Sofia na Wagiriki kutoka ng'ambo ya mpaka, na hapo hata teksi inabidi uigombee.